Mpeleke Kijana Karume Akajifunze Kununua

Kuna vijana wanaomaliza kidato cha nne bila kujinunulia hata soksi. Sare huletwa nyumbani, viatu huletwa nyumbani, nguo za sikukuu huletwa nyumbani. Kisha mtoto anapangiwa kidato cha tano Iringa au anapata chuo Mwanza, anashikishwa laki moja ya matumizi, na wiki haijaisha laki imeisha. Watu wazima tunalaumu ujana. Mimi naona hakufundishwa, na darasa la kumfundishia liko wazi mwaka mzima: soko la mitumba.

Dukani bei imebandikwa, saizi zimepangwa, na mashati kumi yaliyotundikwa yanafanana. Mnunuzi hana la kuamua zaidi ya rangi. Mtumbani kila nguo iko peke yake, haina bei mpaka muitaje, na ukishaondoka nayo hairudishwi. Macho, mikono, hesabu na mdomo vyote vinafanya kazi. Ndiyo maana nasema apelekwe, hata kama nyumbani mna uwezo wa kununua nguo mpya.

Mfano wangu ni Soko la Karume, pale Mchikichini, Ilala, Dar es Salaam. Aliye Mwanza ana Mlango Mmoja, aliye Moshi ana Memorial, aliye Nairobi ana Gikomba na Toi. Misemo na sarafu vitabadilika kidogo, kazi ni ileile.

Na lengo mlijue kabla hamjapanda daladala. Hamwendi kukusanya nguo za bei chee. Fulana ya buku, yaani elfu moja, isiyovaliwa ni buku iliyopotea, na koti la elfu ishirini litakalovaliwa kila asubuhi ya baridi kwa miaka miwili ni rahisi kuliko rundo la fulana za jero jero zinazoishia kudekia.

1. Anzeni kabatini

Siku mbili tatu kabla ya safari, mwambie atoe nguo zake zote azimwage kitandani. Azitenge: zinazovaliwa kila wiki upande huu, zisizovaliwa upande ule. Kisha achukue moja moja ya upande wa pili na kusema kwa nini haivai. Usimsaidie majibu. "Inabana kwapani." "Inawasha." "Haiendani na suruali yoyote." "Ilikuwa bei poa tu nikaichukua." Ayaandike majibu hayo, maana ndiyo makosa atakayoyakwepa sokoni, na ameyataja kwa mdomo wake bila kuhubiriwa.

Baada ya hapo aandike anachohitaji. Vitu visizidi vitano, kila kimoja na kazi yake. "Suruali" haitoshi. "Kadeti nyeusi ya darasani, iendane na mashati mawili meupe niliyonayo" inatosha.

Mwisho mpime kwa tepu ya fundi: kifua, kiuno, nyonga, bega hadi bega, urefu wa mguu kwa ndani. Vipimo aviweke kwenye simu. Lebo ya mtumba haiaminiki peke yake. Gauni la namba 12 la Uingereza ni namba 8 la Marekani na 40 kwa nchi nyingi za Ulaya, na juu ya hapo nguo imeshafuliwa mara nyingi, imerudi au imelegea. Viatu navyo hivyo hivyo: 42 ya Ulaya ni karibu 8 ya Uingereza. Tepu iende nayo sokoni.

2. Fedha iwe mkononi mwake

Mpe kiasi kamili na umwambie kikiisha kimeisha. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoliharibu darasa: wanabaki na pochi, mtoto anachagua, wao wanalipa. Anayechagua bila kulipa hajifunzi kitu. Kwa safari ya kwanza 40,000 inatosha kabisa, na ndani yake atenge mapema fedha ya fundi cherehani na nauli ya kurudi.

Ziwe noti ndogo: za 1,000, 2,000 na 5,000. Noti ya 10,000 ikae mfuko wa ndani. Ukishasihi mpaka mkafikia 3,500, halafu ukachomoa wekundu wa Msimbazi, muuzaji atakuambia hana chenji, na wewe utajikuta unaongeza nguo usiyoihitaji ili noti iishe. Kulipa kwa simu kunakubalika sehemu nyingi, lakini jibu la kawaida ni "tuma na ya kutolea". Kijana aulize habari hiyo kabla ya kupatana bei, kwa sababu baada ya kupatana inakuwa nyongeza ambayo hakuipigia hesabu.

Vyumba vya kujaribia nguo hakuna. Mvulana avae bukta nyepesi ndani ya suruali pana na fulana inayokaa mwilini; msichana avae taiti ndani ya sketi, na mbebe khanga moja ya kujikingia. Viatu viwe vya kufunika vidole. Begi likae kifuani, simu mfuko wa mbele. Kwa usalama hayo yanatosha, soko limejaa watu wanaotafuta riziki kama wewe.

3. Siku na saa

Alfajiri, saa kumi na mbili na hata kabla yake, soko ni la wafanyabiashara. Wenye maduka ya Sinza na Kinondoni na wale wanaouza mtandaoni huwahi kuchagua mali ya juu mabelo, yaani mafurushi ya mtumba, yakifunguliwa, na wanajua wanachokitafuta kwa kugusa tu. Mwanafunzi atasukumwa. Mpeleke katikati ya wiki, saa tatu hadi saa tano asubuhi: mwanga mzuri, msongamano umepungua, wauzaji hawajachoka. Jioni bei hushuka kweli, ila giza likianza kuingia doa halionekani.

Epukeni mwisho wa mwezi, wiki ya kabla ya Idi na ile ya kabla ya Krismasi. Na kama kijana anakwenda Mbeya, Njombe au Arusha, koti na sweta nzito anunue Dar wakati wa joto kali. Makoti ya baridi ya Ulaya huingia kwenye mizigo mwaka mzima, na Dar mwezi wa Januari hakuna anayeyagombania.

4. Mzunguko wa kwanza ni wa macho tu

Fedha ibaki mfukoni kwa nusu saa nzima, hata mkikuta kitu mnachokitaka. Mwonyeshe soko lilivyojipanga: wauza mashati wako na wenzao, jinzi na kadeti kwao, magauni kwao, halafu viatu, mikoba, mashuka, mapazia. Nguo zilizopigwa pasi na kutundikwa kwenye henga ndizo zilizochaguliwa, na bei yake iko juu. Zilizokunjwa mezani ni za kati. Zilizomwagwa kwenye lundo huku mtu amesimama juu yake akiimba "buku, buku, kila nguo buku" ndizo zilizobaki.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Kwenye mtumba kijana asiishike sana methali hiyo. Kinachoimbiwa pale kinaweza kuwa kizuri, ila muuzaji ameshapata fedha yake. Simameni pembeni umweleze habari ya belo.

Muuzaji hanunui shati, ananunua belo: furushi lililoshindiliwa kwa mashine na kukazwa kwa mikanda, mara nyingi la kilo 45, ambalo halifunguliwi kabla ya kulipiwa. Limetoka Ulaya, Marekani, Kanada, China au Korea. Mengine yamepitia kwanza kwenye maghala ya kuchambulia ya Falme za Kiarabu, Pakistan au India. Nje limeandikwa aina ya nguo na gredi, lakini kilichomo hukijui mpaka mikanda ikatwe. Anaweza kukuta mali safi. Anaweza kukuta nusu nzima ina madoa, na hasara ni yake.

Sasa pigeni hesabu pamoja kwenye simu. Tuseme belo la mashati la kilo 45 limenunuliwa kwa 600,000, na shati moja lina gramu 225 hivi. Mle mna mashati 200, kila moja limemgharimu 3,000 kabla ya kodi ya meza, ushuru na mbeba mzigo. Mashati 40 ya juu kabisa anayauza 8,000 kila moja: hiyo ni 320,000. Themanini yanayofuata anayauza 4,000: 320,000 nyingine. Mtaji umerudi na ziada kidogo, na bado ana mashati 80. Hayo akiyapigia mnada kwa buku bado anaingiza.

Namba ni za mfano, mwendo ndio huo. Akiuelewa, ataelewa kwa nini shati zuri siku ya kufungua belo halishuki chini ya kiwango fulani hata ukiomba vipi, na kwa nini shati lilelile, likikosa mtu, linashuka keshokutwa. Ataelewa pia kuwa mama anayekataa 2,500 hana roho mbaya. Kijana akishakaa upande wa pili wa meza kwa hesabu hiyo, hamwoni tena muuzaji kama mtu anayetaka kumwibia.

Mkichoka, tafuteni juisi ya miwa mkae. Kijana mwenye akili atauliza swali hapo: kwani sisi hatushoni? Mjibu kwa ukweli. Tulishona. Urafiki pale Ubungo, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, viwanda vilikuwepo na biashara ya mtumba ilikuwa imezuiwa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu kiasi cha kupanga foleni ya khanga kwenye duka la kaya. Muulizeni bibi yeyote. Biashara ilipolegezwa mwaka 1984, na Mzee Mwinyi aliposhika nchi mwaka 1985 na ruksa yake, mtumba ukaingia kwa wingi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuusitisha ifikapo 2019 ili viwanda vya ndani vipate nafasi. Marekani ikatishia kuwaondolea nafasi ya kuuza bidhaa huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA, na Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia. Ilikuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye msamaha huo wa Marekani. Mimi nasikitikia viwanda vile, na bado namheshimu anayesomesha watoto kwa meza ya mtumba. Kijana aachwe apime mwenyewe.

5. Kukagua

Hapa ndipo muda mwingi uende. Mfundishe akague kwa mpangilio uleule kila mara, kwa sababu nguo ikimvutia macho yatataka kuruka hatua.

Kwanza atoke chini ya turubai. Turubai la bluu hugeuza rangi zote: jeupe lenye umanjano huonekana jeupe safi, na nyeusi iliyochuja huonekana nyeusi tii. Aseme kwa adabu, "Naitazama kwenye mwanga," asogee hatua mbili nje. Ainyanyue nguo jua lipite nyuma yake. Palipolika patapenyeza mwanga, na vitundu vya nondo kwenye sufu vitaonekana vyote. Kisha ainuse. Harufu ya ghala hutoka kwa kufua. Harufu ya ukungu ni kazi ngumu, na madoa meusi madogo ya ukungu kwenye kitambaa cheupe mara nyingi hayatoki tena.

Baada ya hapo aende penye kuchakaa. Kwa shati ni kola, na aipindue aone upande wa chini unaogusa shingo. Kisha kwapani, kisha ncha za mikono. Umanjano wa jasho kwapani uachwe hukohuko, mara nyingi haufuliki. Ahesabu vifungo, na akikuta kimoja kinakosekana atazame ndani ya shati chini kabisa, kwenye mshono wa pembeni au kwenye kile kipande cha vifungo. Mashati mengi mazuri huwa yameshonewa kifungo cha akiba hapo.

Kwa suruali, aigeuze ndani nje. Mapajani, pale miguu inaposuguana, ndipo jinzi hufa kwanza, na wauzaji wajanja huikunja ili magoti na mapaja yasionekane. Zipu aivute juu na chini mara tatu. Kiuno cha kunyumbuka akivute na kukiachia: kikirudi polepole, mpira umekufa. Kujua kama inamtosha bila kuivaa, aifunge kifungo, ashike kiuno chake kilivyolala bapa, akizungushe shingoni. Ncha zikikutana nyuma bila kuvutwa, inakaribia kumtosha. Njia nyingine ni kuingiza mkono ndani ya kiuno kilichofungwa, kiwiko upande mmoja na ngumi upande wa pili. Tepu hata hivyo inashinda zote mbili.

Hapa aanze kufikiria kama fundi. Kufupisha suruali, kupunguza kiuno, kubana gauni pembeni, kubadili zipu: yote yanawezekana kwa gharama ndogo. Kushusha mabega ya koti ni kazi kubwa na mara nyingi huharibu. Kupanua ndiko kugumu zaidi, maana kitambaa lazima kiwepo. Atazame kwa ndani kama mshono una ziada. Suruali za suti za kiume huwa na ziada nyuma, jinzi hazina. Sheria yangu ni hii: bega na kifua vikae sawa tangu sokoni, vingine fundi atavimudu. Na gharama ya fundi ijumlishwe kwenye bei palepale, kabla ya kupatana.

Lebo ya ndani isomwe. Pamba, kitani na sufu zina maisha marefu na zinapumua kwenye joto letu. Poliesta haikunjamani lakini inashika harufu ya jasho. Lebo ikiwa imekatwa, aisugue kwa vidole, aikunje ngumini kisha aachie: pamba na kitani hubaki na mikunjo, poliesta hunyooka. Wako wanaochoma uzi kwa kiberiti; ukinuka karatasi na kuacha majivu laini ni pamba, ukiyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu ni plastiki. Jaribio hilo ni zuri na lifanyike nyumbani. Kati ya turubai na nguo hizo hakuna wa kuwasha kiberiti. Karume iliteketea usiku mmoja wa Januari 2022 na watu wakapoteza mitaji ya maisha yao.

Viatu vinataka somo la peke yake. Kiatu cha mtumba huoshwa, hupakwa rangi na kugundishwa kabla hakijafika mezani, kwa hiyo sura yake isikushawishi. Akikunje katikati atazame kama soli inaachana. Akiweke juu ya kitu bapa na kukitazama kwa nyuma: kisigino kilicholika upande mmoja kitamvuta na yeye upande huohuo. Atoe soli ya ndani aone alama ya kidole gumba ya mwenye nacho wa kwanza. Shimo refu maana yake kiatu kimeshachukua umbo la mguu mwingine. Halafu abonyeze soli nene kwa ukucha. Soli nyingi za raba na buti zimetengenezwa kwa povu la poliyurethani, ambalo huzeeka kwa unyevu hata likikaa kabatini bila kuvaliwa. Kiatu huonekana kipya kabisa, na baada ya kutembelewa siku chache soli inameguka yenyewe. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au ukitoka na unga, kirudishwe mezani.

Nguo za ndani zinunuliwe mpya. Viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) vinazuia kuingizwa na kuuzwa kwa nguo za ndani zilizotumika, ingawa utaziona zimeanikwa. Hilo halina mjadala.

Kwenye lundo la mnada mambo huenda mbio na ukaguzi huu wote haupo. Kilichoko mkononi mwako ni chako mpaka ukiachie, kwa hiyo akishashika kitu akikaze kwapani, ajitoe kwenye msongamano, ndipo akague. Asione haya kukirudisha.

6. Bei

Msalimie kwanza. Ni mkubwa, shikamoo; ni rika, habari za kazi. Kisha maongezi huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu uchague."

"Hii kadeti unaiuzaje?"

"Hiyo kumi na mbili. Mali safi hiyo, itazame."

"Ni safi kweli, ila zipu inakwama na urefu lazima niende kwa fundi. Nipe kwa saba, mama."

"Saba hailipi. Toa kumi."

"Na nikichukua hili shati pia?"

"Shati nane. Zote kumi na nane."

"Mama yangu, nina kumi na tano na fundi ananisubiri."

"Haya, lete kumi na sita nikufungie."

Kijana ameanza na bei iliyo juu kidogo ya nusu, hakutaja bei ya kuchekesha. Ametaja kasoro ambayo ipo na inagharimu fedha. Ameunganisha vitu viwili, na muuzaji hupungua kwa moyo mweupe zaidi akiona mzigo unatoka mara moja. Na amejua kiwango chake kabla ya kufungua mdomo. Kumi na sita ikiwa juu ya kiwango hicho, anashukuru na kuondoka bila kununa. Mara nyingi ataitwa. Asipoitwa, atakuwa amejua bei halisi ya kitu kile, na meza inayofuata atauliza akiwa na uhakika.

Ziko heshima za soko ambazo kijana lazima azijue. Usiulize bei ya kitu usichokitaka ili kupima tu. Ukitaja bei na muuzaji akakubali, umenunua. Kugeuka hapo ni kumdhalilisha. Usiite mali ya mtu takataka. Nimesikia wanunuzi wanaodhani kukashifu ni ujanja, na ninaumia kila mara, maana yule mama amekopa mtaji na amekaa juani tangu alfajiri. Akikuambia "nifungulie biashara", wewe ni mteja wake wa kwanza wa siku na yuko tayari kupunguza, kwa hiyo zungumza naye kwa nia ya kununua. Na anayekushika mkono kukupeleka kwenye meza ya mwingine anaweka chake juu ya bei, basi mshukuru, mwende wenyewe.

Mzazi, kazi yako muda wote huu ni kusimama mbali kidogo na kunyamaza. Kijana akilipa zaidi ya unavyoona sawa, mwache alipe. Elfu mbili aliyozidishiwa kwa mkono wake itamfundisha zaidi ya wewe kuingilia mbele ya muuzaji na kumtia aibu.

7. Nyumbani

Hakuna kuvaa kabla ya kufua. Wadudu wa upele hawaishi zaidi ya siku mbili tatu nje ya ngozi ya mtu, na belo limesafiri majini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo hofu isiwe ya mzungu aliyeivaa. Iwe ya watu waliojaribisha suruali ileile asubuhi hiyo. Maji ya moto kwa pamba, sabuni, jua kali, kisha pasi. Nguo ya rangi kali ichovywe ncha kwanza kuona kama inatoa rangi. Sufu ifuliwe kwa maji ya baridi na kulazwa bapa kivulini, la sivyo itarudi mpaka imtoshe mdogo wake.

Harufu ya ghala ikigoma, loweka nusu saa kwenye ndoo ya maji yenye kikombe cha siki. Doa la kutu kwenye pamba nyeupe lipake ndimu na chumvi uliweke juani, kisha suuza vizuri. Za kwenda kwa fundi ziende wiki hiyohiyo; nguo inayongoja fundi kwa mwezi huwa haivaliwi kabisa.

8. Baada ya mwezi

Kijana aandike kwenye simu bei ya kila nguo pamoja na ya fundi, na aweke alama kila anapoivaa. Mwezi ukiisha agawanye. Kadeti ya 7,000 iliyokwenda kwa fundi kwa 2,000 na kuvaliwa mara 12 imemgharimu 750 kwa kila kuvaa. Fulana ya 2,000 iliyovaliwa mara moja imemgharimu 2,000. Akiziona namba hizo mbili pamoja, hutakuwa na haja ya kumweleza kwa nini kadeti ndiyo iliyokuwa rahisi.

Ile ambayo haikuvaliwa aiulize swali la kabatini tena, ajibu na kuandika. Kisha aitoe mapema ingali nzuri: amuuzie rafiki, ampe binamu. Safari ya pili aende na rafiki wa rika lake, kwa fedha aliyoiweka mwenyewe na orodha mpya mkononi, na wewe ubaki nyumbani. Akikupigia kuuliza "ninunue?", mrudishie maswali mawili: utaivaa na nini, na fundi atachukua ngapi?